Ukifika Nottinghamshire, Anzia Newstead

Mgeni wa kwetu akishapata viza ya Uingereza, mara nyingi ratiba yake huanzia London na kuishia London: Big Ben, daraja la Tower, uwanja wa timu anayoishabikia, maduka, kisha uwanja wa ndege. Ukiwa na siku tatu au nne za ziada, nakushauri uzipeleke Nottinghamshire, kaunti iliyo katikati ya nchi, inayopitiwa na mto Trent. Wengi wameisikia kwa sababu ya Robin Hood tu. Huyo tutamfikia, lakini si yeye anayenifanya nikuhimize kwenda. Ninachokipenda Nottinghamshire ni kwamba makasri ya mabwana yamebaki, na karakana, mashine na vyumba vya watu waliowafanyia kazi mabwana hao navyo vimebaki, na vyote viko wazi kwa mgeni. Kwingineko mara nyingi utaonyeshwa kasri, bustani na mkahawa wa chai, basi. Na katika mojawapo ya makasri hayo waliwahi kukaa wanaume wawili ambao kila mtu wa Bagamoyo na Unguja anapaswa kujua walifuata nini huko.

Kufika si kazi. Panda treni kituo cha St Pancras, London, na chini kidogo ya saa mbili utakuwa Nottingham, mji mkuu wa kaunti. Nunua tiketi ya treni wiki kadhaa kabla, maana bei ya siku ya safari inaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile ya mapema. Panga chumba Nottingham penyewe, karibu na katikati ya mji, kisha utoke asubuhi kwa tramu au basi na kurudi jioni. Gari la kukodi litakusaidia kwa sehemu mbili tatu za kaskazini tu. Kama unafunga safari kwa hiari yako, chagua kati ya Mei na Septemba: majira ya baridi nyumba nyingi za kihistoria hufungwa au hufunguliwa siku chache, na giza huingia kabla hujamaliza kuzunguka.

Siku ya kwanza nenda Newstead Abbey, kama kilomita ishirini kaskazini mwa mji. Mabasi ya kwenda Mansfield hupita langoni. Kutoka lango hadi nyumba ni mwendo wa zaidi ya kilomita moja na nusu ndani ya shamba lenye miti, kwa hiyo vaa viatu vya kutembelea na ubebe mwavuli. Bustani hufunguliwa siku nyingi zaidi kuliko nyumba yenyewe, ambayo kwa kawaida ni ya mwisho wa wiki. Hakikisha kwenye tovuti yao kabla ya kuondoka, usije ukaishia kuwatazama tausi wakitembea nyasini huku mlango umefungwa.

Kitu cha kwanza kukuvutia kitakuwa ukuta mrefu wa kanisa usio na kanisa nyuma yake. Ni uso wa magharibi wa kanisa la watawa wa Kiagustino, waliopewa mahali hapa na Mfalme Henry II katika karne ya 12. Dirisha kubwa la katikati halina kioo, na ukisimama chini yake unaona mbingu upande wa pili. Mwaka 1539 Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa nchini kote, hii nayo ilifungwa, na mwaka uliofuata ikawa mali ya Sir John Byron, aliyeigeuza makazi ya ukoo wake. Ndiyo maana nyumba imeshikamana na gofu la kanisa.

Mrithi maarufu wa ukoo huo ni mshairi Lord Byron, aliyerithi Newstead mwaka 1798 akiwa na umri wa miaka kumi, pamoja na paa bovu na madeni. Utaonyeshwa chumba chake, na bustanini utaliona kaburi la mbwa wake Boatswain, aliyekufa kwa kichaa cha mbwa mwaka 1808. Wageni hulipiga sana picha kaburi hilo. Mimi ningekuomba ukumbuke jambo jingine la Byron, maana litakusaidia utakapofika kwenye makumbusho ya wafumaji: hotuba yake ya kwanza katika Bunge la Mabwana, Februari 1812, ilikuwa ya kuwatetea mafundi wa Nottinghamshire waliokuwa wakivunja mashine za kufumia. Serikali ilitaka wanyongwe. Byron alisimama akapinga, na sheria ikapita hata hivyo.

Madeni yalimlazimu auze nyumba. Aliyeinunua mwaka 1818, Thomas Wildman, aliyesoma naye shuleni, aliitengeneza upya kwa fedha za familia zilizotokana na mashamba ya miwa ya Jamaika, yaani jasho la watumwa. Dari na mbao za kuchongwa utakazozisifu ndani ya kumbi zile, nyingi zimetokana na ukarabati huo. Tazama juu, usifu ufundi, lakini ujue pia bili ililipwa na nani.

Mwaka 1861 Newstead ikahamia kwa William Frederick Webb, mwindaji aliyekuwa amesafiri kusini mwa Afrika, akaugua huko na kuuguzwa na mmisionari David Livingstone. Urafiki wao haukukatika. Livingstone aliporudi kutoka Zambezi, alikaa Newstead kwa miezi kadhaa mwaka 1864 na 1865 akiandika kitabu cha safari hiyo, kilichojaa habari za biashara ya watumwa kwenye mto Shire. Kwa hiyo kitabu kile cha kuulaani utumwa kiliandikwa ndani ya nyumba iliyokuwa imekarabatiwa kwa faida ya utumwa. Chumba alichokitumia kiko katika mnara wa Sussex. Baadaye Livingstone aliutunuku mto Lualaba jina la mwenyeji wake, akawa anauita Lualaba ya Webb. Wenye mto, watu wa Maniema na Katanga, hawakuulizwa, na jina halikudumu.

Sasa tuje kwa wale wawili. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye Zambia ya leo. Wenzake wa safari waliuzika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa muda wa miezi kama tisa hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500. Waliouongoza msafara ule walikuwa Chuma na Susi. James Chuma alikuwa Myao, aliyekombolewa akiwa kijana mdogo mwaka 1861 kutoka kwenye msafara wa watumwa. Abdullah Susi alitoka Shupanga, kando ya Zambezi. Mwili ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, na wao hawakuwapo: aliyesafiri na jeneza ni mwenzao Jacob Wainwright. Chuma na Susi walifika Uingereza maziko yakiwa yamekwisha.

Lakini walikuwa na kazi iliyowangoja. Shajara za mwisho za Livingstone zilikuwa zimeandikwa kwa shida, sehemu nyingine juu ya karatasi za magazeti chakavu kwa wino aliojitengenezea safarini. Mhariri wake, Horace Waller, hakuweza kuzifungua peke yake. Nani angemwambia kijiji kipi kilitangulia, mto upi ulivukwa wapi, mzee alisema nini usiku wa mwisho? Chuma na Susi walikaa naye wakamweleza. Ipo picha iliyopigwa Newstead mwaka 1874: Chuma na Susi, Waller, na watoto wawili wa Livingstone, Tom na Agnes, wamekusanyika pamoja na ramani na madaftari. Shajara zilitoka mwishoni mwa mwaka huohuo. Jina la mhariri liko kwenye jalada, ya wale wawili hayako, ingawa bila wao kitabu kingekuwa na mapengo yasiyozibika. Wote wawili walirudi Unguja, wakaongoza misafara mingine, na huko ndiko walikofia, Chuma mwaka 1882 na Susi mwaka 1891.

Hii ndiyo sababu nakwambia uanzie Newstead. Waulize wahudumu kuhusu Chuma na Susi. Wengi wao ni watu wa kujitolea, wastaafu wanaoipenda historia ya nyumba na wasiochoka kuulizwa. Ukiwaambia unatoka pwani ambako mwili ule ulipakiwa melini, watakuuliza maswali kuliko wewe utakavyowauliza, na hayo ni mazungumzo mazuri kuliko maelezo yoyote ya ukutani.

Ukiwa na saa mbili za ziada siku hiyo, teremkia Hucknall, mji mdogo ulio njiani, ambako pia ndiko mwisho wa tramu ya kutoka Nottingham. Kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena liko sokoni kabisa. Ndani amezikwa Byron, aliyefia Ugiriki mwaka 1824 na ambaye Westminster Abbey ilikataa kumpokea kwa sababu ya sifa zake mbaya. Ubavuni mwake yumo binti yake, Ada Lovelace, aliyeandika mwaka 1843 namna mashine ya Charles Babbage ingeweza kuelekezwa kupiga hesabu hatua kwa hatua. Wasomi wa kompyuta humhesabu miongoni mwa waasisi wa fani yao. Baba na binti walifariki wakiwa na umri uleule, miaka 36.

Siku ya pili ibaki mjini Nottingham, na hapa nikutahadharishe mapema kuhusu ngome. Watu hupanda kilima wakitarajia minara na madaraja ya kuvutwa kama ya sinema, wakakuta jumba kubwa la mraba lenye madirisha mapana. Ngome ya kwanza ilijengwa mwaka 1068 kwa amri ya William Mshindi. Mwaka 1642 Mfalme Charles I alisimika bendera yake hapa, na hiyo ikawa ishara ya kuanza kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aliposhindwa, ngome ilibomolewa, mwaka 1651, isije ikatumiwa tena. Jumba unaloliona lilijengwa baadaye na Duke wa Newcastle. Mwaka 1831, Bunge la Mabwana lilipokataa muswada wa kupanua haki ya kupiga kura, watu wa Nottingham walipanda wakalichoma moto, kwa sababu mwenye jumba alikuwa miongoni mwa wapinzani wa muswada. Liligofuka kwa miongo mingi, kisha mwaka 1878 likafunguliwa kuwa jumba la makumbusho na sanaa la mji. Ukiliingia ukiyajua hayo, utakuwa umeingia mahali ambapo watu wa kawaida walisema neno lao kwa moto, na hutasikitikia minara. Nje ya ukuta ipo sanamu ya Robin Hood ya mwaka 1952. Piga picha yako upite.

Utamu wa Nottingham uko chini ya ardhi. Mji umekalia mwamba laini wa mchanga ambao mtu anaweza kuuchimba kwa sururu, na kwa karne nyingi watu wameuchimba: stoo, visima, nyumba, viwanda. Mapango yaliyokwisha kuandikishwa ni zaidi ya 800. Chini ya ngome lipo handaki liitwalo Mortimer's Hole, linalohusishwa na usiku wa mwaka 1330 ambapo watu wa Mfalme kijana Edward III walipenya kwa siri wakamkamata Roger Mortimer, mpenzi wa mama yake mfalme, aliyekuwa akiitawala nchi kwa mgongo wa mama huyo. Ngazi zake ni nyingi na za mwinuko. Mwenye magoti mabovu aende badala yake City of Caves, karibu na mtaa wa High Pavement, ingawa huko nako kuna ngazi kiasi. Utaona mashimo ya mviringo yaliyochongwa mwambani ambamo mafundi wa zama za kati waliloweka ngozi, na vyumba ambamo wakazi walijificha mabomu ya Wajerumani yakidondoka. Joto la pangoni ni lilelile mwaka mzima, la ubaridi, hivyo beba sweta hata Julai.

Hatua chache kutoka hapo ni National Justice Museum, mahakama ya kale yenye jela chini yake. Unaanzia juu kwenye chumba cha kusikilizia kesi, chenye kizimba cha mbao, kisha unashuka kwenye selo, na ukishuka zaidi mambo yanazidi kuwa mazito. Kutoka kizimbani watu walipelekwa Australia kwa makosa kama wizi mdogo. Ni mahali pa kwenda na vijana wa sekondari; watoto wadogo wanaweza kuogopa.

Mtaa unaoizunguka, Lace Market, ulikuwa kitovu cha biashara ya lesi duniani katika karne ya 19. Inua macho uone maghala ya matofali mekundu yenye madirisha makubwa ghorofa za juu, kwa sababu wakaguzi wa lesi walihitaji mwanga wa kutosha kuona uzi uliokatika. Jengo la Adams, la mwaka 1855, lilikuwa na hata kanisa dogo la wafanyakazi, waliokuwa wengi wao wanawake na wasichana. Leo ni chuo. Kutembea mtaani humo hakuna kiingilio.

Usiondoke mjini bila kufika Green's Windmill, mtaa wa Sneinton, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka katikati ya mji. Ni kinu cha upepo kilichojengwa mwaka 1807 na mwokaji mikate. Mwanawe, George Green, alisoma shule kwa muda wa mwaka mmoja hivi tu, akawa msagaji hapo kinuni, na mwaka 1828 akachapisha kwa fedha za wachangiaji wachache kijitabu cha hisabati ya umeme na usumaku ambacho wanafizikia wanakitegemea hadi leo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini alipoingia Cambridge kama mwanafunzi. Kinu kimekarabatiwa, mabawa yanazunguka, na unga unaosagwa hapo unauzwa. Hiki ni kituo cha bure, na mimi nakiweka juu ya majumba mengi ya kulipia. Mwalimu yeyote wa hisabati akifika hapo na wanafunzi wake atakuwa amewafanyia jambo la maana.

Kwa mpenzi wa mpira nitasema kwa ufupi: uwanja wa City Ground wa Nottingham Forest, mabingwa wa Ulaya mwaka 1979 na 1980, unatazamana na Meadow Lane wa Notts County, klabu iliyoanzishwa mwaka 1862, na katikati ya viwanja hivyo unapita Trent. Ukisimama darajani unaviona vyote viwili.

Chakula hakitakusumbua. Mtaa wa Hyson Green, unaofikika kwa tramu, una maduka ya nyama ya halali na migahawa ya Kiasia na Kiafrika. Ukitaka cha wenyeji, omba njegere zilizopondwa zenye mchuzi wa mnanaa, chakula cha maonyesho ya Goose Fair yanayofanyika kila mwaka mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Ipo pia baa maarufu iliyoegemezwa kwenye mwamba chini ya ngome, Ye Olde Trip to Jerusalem, yenye vyumba vilivyochimbwa mwambani. Ukutani imeandikwa 1189. Ushahidi wa mwaka huo haupo, lakini vyumba vinastahili kutazamwa, na hata asiyekunywa pombe anapata chakula.

Wafumaji sasa. Kusini mwa mji, kijijini Ruddington, lipo jumba dogo la makumbusho ya wafumaji wa soksi, Framework Knitters' Museum. Ni ua uliozungukwa na nyumba za matofali na karakana za mwaka 1829. Mashine ya kufumia ilibuniwa mwaka 1589 na William Lee wa Calverton, kijiji cha kaunti hiihii, na kwa miaka zaidi ya mia mbili soksi za Uingereza zilitegemea mikono na miguu ya watu wa hapa. Ingia karakana ya juu. Mashine zimepangwa zikiwa zimesongamana hivi kwamba mfumaji mmoja akinyoosha kiwiko angemgusa mwenzake. Kila mashine ni chuma na mbao, ina safu ya sindano nyembamba zenye ndoano mbele, na mhudumu akikaa kuiendesha mikono na miguu yake yote inafanya kazi kwa pamoja: uzi unalazwa, sindano zinabanwa, kishindo, safu moja ya soksi imekwisha. Kisha safu nyingine. Sauti ile ikizidishwa kwa mashine zote za chumba, kuanzia alfajiri hadi taa ya mshumaa, inamtoa mtu pumzi. Mashine nyingi hazikuwa za mfumaji. Alizikodi, na kodi ililipwa hata wiki isiyo na kazi. Ndiyo hasira iliyolipuka mwaka 1811, watu wakaanza kuvunja mashine za waajiri waliopunguza ujira na kutengeneza soksi duni, na ndio watu ambao Byron aliwasemea London. Ukiwa umetoka Newstead jana yake, mambo mawili yanakutana.

Mwenye nusu siku aende Eastwood, mji wa wachimbaji wa makaa ya mawe, kwenye nyumba alimozaliwa mwandishi D. H. Lawrence mwaka 1885. Ni nyumba ya mchimba makaa yenye chumba cha mbele kilichotunzwa kwa ajili ya wageni na jikoni ambamo maisha yenyewe yalipita. Halafu, ukirudi Nottingham, pitia Wollaton Hall, kasri lililokamilika mwaka 1588 kwa fedha za makaa ya mawe yaliyokuwa chini ya ardhi ya mwenyewe, Sir Francis Willoughby. Leo ni makumbusho ya viumbe, na kulungu wanatembea huru kwenye uwanja wake. Vijana wataitambua kama nyumba ya Batman katika filamu ya mwaka 2012.

Msitu wa Sherwood uko kaskazini, kijijini Edwinstowe, na basi la kutoka Nottingham linafika. Usitarajie msitu mnene kama Usambara au Kakamega. Ni mialoni mizee iliyotawanyika, miti myeupe ya betula na nyasi za wazi, kwa kuwa ulikuwa hifadhi ya mfalme ya kuwindia, na maskini aliyeua kulungu wa mfalme aliadhibiwa vikali. Hapo ndipo hadithi za Robin Hood zilipopatia mizizi. Kwamba mtu huyo aliishi kweli hakuna aliyethibitisha. Kinachothibitika ni Major Oak, mwaloni unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 800 hadi 1,000, wenye mzingo wa kama mita kumi na moja, na matawi yaliyoshikizwa kwa nguzo. Umezungushiwa uzio kwa sababu nyayo za mamilioni ya wageni ziliugandamiza udongo ukawa mgumu kwa mizizi. Usiruke uzio kwa ajili ya picha. Kuingia msituni ni bure, kuegesha gari ni kwa malipo.

Kama ningelazimishwa kuchagua mji mmoja wa kaunti hii baada ya Newstead, ningechagua Southwell. Ni mdogo, unafikika kwa basi, na una kanisa kuu ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1108. Pita ukumbi mkuu wenye nguzo nene kama mashina ya mibuyu, nenda moja kwa moja upande wa kaskazini kwenye chumba cha mkutano cha mapadri, kazi ya mwishoni mwa karne ya 13. Hakina nguzo katikati, dari la mawe linajishikilia lenyewe. Kuzunguka kuta, juu ya kila kiti, mafundi wamechonga majani: mwaloni na tunda lake, mzabibu, hopi. Hayakuchongwa kwa mazoea. Kila jani lina mishipa yake, mengine yamejikunja ncha, mengine yamefunikwa na jirani, na hapa na pale uso wa mtu unachungulia kati ya matawi. Majina ya wachongaji hayajulikani. Keti kwenye kiti kimoja, uhame hadi kingine, ukitazama pembeni kwa sababu mwanga wa dirishani ndio unaoibua kina cha jani. Asubuhi isiyo na wageni wengi ni bora. Kiingilio ni hiari, lakini acha chochote sandukuni.

Kutoka hapo tembea hadi nje kidogo ya mji, kwenye The Workhouse. Ni nyumba ya kazi ya maskini, iliyojengwa mwaka 1824 kwa mawazo ya padri John Becher, na baadaye ikawa mfano wa nyumba za namna hiyo nchini kote baada ya sheria ya maskini ya mwaka 1834. Fikra yake ilikuwa kwamba msaada kwa maskini uwe mchungu kiasi kwamba mtu aukimbilie pale tu anapokosa njia nyingine kabisa. Mume, mke na watoto walitenganishwa mlangoni. Wazee na wagonjwa walihesabiwa hawana lawama, wenye nguvu wakahesabiwa wavivu, na kila kundi likapewa ua wake, bweni lake, hata ngazi yake, ili wasionane. Vyumba vingi vimeachwa vitupu, kuta zimepakwa chokaa, na utupu huo unasema zaidi ya samani zozote. Panda ngazi moja, kisha urudi upande ile nyingine, uone jinsi mbunifu alivyohakikisha kwamba baba na mama wangeweza kuishi chini ya paa moja kwa miezi bila kukutana. Sijui jengo jingine linaloeleza sera ya serikali kwa uwazi kama hilo. Kuna tiketi ya kulipia, na siku za kufunguliwa hubadilika kwa majira.

Newark, mji wa sokoni ulio kando ya Trent, unafaa kwa siku ya mwisho, kwa kuwa una treni za moja kwa moja kurudi London. Ukuta wa ngome yake unajiakisi mtoni. Humo ndimo alimofia Mfalme John mwaka 1216. Katika vita vya karne ya 17 mji ulizingirwa mara tatu ukiwa upande wa mfalme, na ukajisalimisha Mei 1646. Boma la udongo lenye umbo la nyota, Queen's Sconce, bado lipo kwenye bustani ya wazi nje ya mji, na makumbusho ya vita hivyo, National Civil War Centre, yanaeleza pia wakazi walivyoishi na njaa na tauni ndani ya kuta.

Mwenye gari aongeze vituo viwili vya kaskazini. Clumber Park ina barabara iliyopangwa miti pande zote kwa zaidi ya kilomita tatu, na kasri lake lilibomolewa mwaka 1938, hivyo ni pa kutembea na kuendesha baiskeli na watoto. Creswell Crags iko mpakani na Derbyshire: korongo dogo lenye mapango pande mbili, ambako mwaka 2003 iligunduliwa michoro ya wanyama iliyochanjwa mwambani zaidi ya miaka 12,000 iliyopita. Pango lenye michoro hiyo, Church Hole, liko upande wa Nottinghamshire, na huwezi kuliingia bila kiongozi. Weka nafasi kabla, ukiulizia ziara ya Church Hole kwa jina, kwa sababu zipo ziara za mapango mengine na ukichanganya utatoka bila kuona kulungu aliyechongwa na wawindaji wa enzi ya barafu.

Kuhusu tiketi: sehemu mbili katika hizi, The Workhouse na Clumber Park, ni za shirika la hifadhi la National Trust, na kama unakusudia kuzunguka kaunti nyingine pia, uanachama wa mwaka unaweza kukugharimu chini ya viingilio vyote ukivijumlisha. Kinu cha Green, kanisa kuu la Southwell na msitu wa Sherwood havina kiingilio. Mabasi na tramu hupokea kadi ya benki kwa kugusa, ila zipo za makampuni tofauti, na tiketi ya siku ya kampuni moja haikubaliwi na nyingine. Muulize dereva kabla ya kulipa.